Klani mbili hasimu, nafasi 50: muungane au la?

Kwenye Clash of Clans, mchezo wa simu ambao wachezaji hujenga vijiji na kupigana vita kwa makundi yanayoitwa klani, hakuna kitufe cha kuunganisha klani. Watu wa klani moja wanatoka, wanaingia nyingine, basi. Na klani haipokei zaidi ya watu 50. Kwa hiyo kabla ya kugombania jina, hesabuni vichwa vya klani zote mbili, tena si majina yaliyojaa kwenye orodha: hesabuni wanaotumia mashambulizi yao yote mawili kila vita. Wakiwa 45 au pungufu, unganeni. Wakizidi hapo, acheni, maana nafasi zitabana na huenda mkalazimika kufukuza watu, na watakaofukuzwa ni wa upande uliohama. Uhasama utarudi palepale, safari hii mkiwa chumba kimoja.

Klani ipi ibaki? Viongozi hupenda kuvutana kwa historia. Mimi ningetazama ngazi ya klani. Klani ikifika ngazi ya 5, askari ambao wanachama huchangiana hupanda kiwango kimoja; ngazi ya 10, viwili. Baada ya hapo tazameni ligi ya vita, kisha Mji Mkuu wa klani (mji ambao wanachama wote huujenga pamoja), kwa sababu dhahabu mliyoimwaga huko haihamishiki.

Wengi huharibikiwa kwenye tarehe. Ligi ya Vita vya Klani huanza mwanzoni mwa mwezi, na aliyepangwa na klani moja hawezi kuchezea nyingine msimu huohuo. Ijumaa hadi Jumatatu kuna uvamizi wa Mji Mkuu: ukishashambulia huku, kule husubiri wiki ijayo. Vita vya kawaida navyo, anayehama katikati anabaki kwenye ramani, kijiji chake kinapigwa, na asiporudi mashambulizi yake yamekwenda. Chagueni Jumanne au Jumatano, ligi imeisha na hakuna vita.

Klani inayopokea ishushe kwanza masharti ya kujiunga, kama ngazi ya Town Hall (jengo kuu la kijiji), la sivyo akaunti ndogo zinaweza kukwama mlangoni. Kiongozi wa wanaohama atoke mwishoni. Akitangulia, uongozi unamwangukia kiongozi mwenza, na si lazima awe yule mliyemtaka. Akaunti moja ya pembeni ibaki kulinda klani ya zamani. Mkikorofishana mtaihitaji.

Vyeo sasa. Kiongozi mwenza anaweza kuanzisha vita na kumfukuza mzee (cheo kilicho chini yake) au mwanachama wa kawaida, kwa hiyo msiwabebe wote. Watatu kila upande wanatosha, wengine wawe wazee kwa mwezi mzima. Orodha hiyo iwekwe kwenye grupu la WhatsApp kabla mtu wa kwanza hajatoka. Atakayenuna, anune akiwa bado kwao.