Skrini iliyogoma kwenye 1024x768

Jumatano usiku

Debian, aina mojawapo ya Linux, imeingia kwenye kompyuta ya mezani niliyoiunda kwa vipande vya zamani. Sauti ipo, mtandao upo. Tatizo ni picha: monita ni ya nukta 1920x1080, lakini inaonyesha 1024x768, na herufi zimevimba kana kwamba zimeumwa na nyuki. Kwenye mipangilio ya skrini hakuna chaguo kubwa zaidi ya hapo. Nalala nikiamini ni draiva, programu inayoiendesha kadi ya grafiki.

Alhamisi

Nimeondoa draiva, nimeirudisha, nimewasha upya. Mara tatu. Sikusoma hata mstari mmoja wa logi, kumbukumbu za mfumo. Kutwanga maji kwenye kinu, basi.

Ijumaa

Leo nimeanza kwa kuuliza. `lspci -k` inaiona kadi ya grafiki, ila ule mstari wa "Kernel driver in use" haupo: moduli (faili za draiva) zimetajwa, hakuna iliyoishika kadi. `glxinfo -B` ikajibu llvmpipe, yaani prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Kumbe ndiyo maana feni ililia kila nilipofungua video!

Kisha `cat /proc/cmdline`, inayoonyesha maneno ambayo Linux iliwashwa nayo. Mwishoni kabisa, neno moja: `nomodeset`.

Niliweka mwenyewe. Siku ya kusakinisha, skrini ilizima mara baada ya menyu, nikaliongeza neno hilo ili nipite. Nililiandika baada ya vile vistari vitatu (`---`) vya mstari wa kuwasha, na kisakinishi cha Debian hubeba kilichoandikwa hapo hadi kwenye mfumo mpya. Kazi yake ni kuikataza kerneli, kiini cha Linux, isiiachie draiva kupanga skrini, hivyo unabaki na picha ileile iliyoandaliwa na fomwea ya kompyuta, programu ya ndani inayoiwasha. Wakati ule fomwea ya kadi yenyewe, ambayo draiva huipakia ndani ya kadi, haikuwa imesakinishwa. Sasa ipo, kwa hiyo neno halina kazi tena. Nimelifuta kwenye `/etc/default/grub`, faili ya mipangilio ya kuwasha, nikaendesha `update-grub`, nikawasha upya.

Draiva imeishika kadi. llvmpipe imetoweka, feni imenyamaza. Na skrini? 1024x768. Nimecheka peke yangu.

Jumamosi

Hitilafu mbili zenye sura moja. Hilo ndilo lililonichosha, kwa sababu kuitibu ya kwanza hakukuonyesha dalili yoyote machoni.

Monita hujitambulisha kwa kompyuta kupitia data iitwayo EDID: baiti 128, au 256 ikiwa na nyongeza moja. Nikaipima:

`wc -c /sys/class/drm/card0-HDMI-A-1/edid`

Jibu: 0. Lakini faili ya `status` iliyo jirani yake inasema `connected`. Hodi imepigwa, mgeni hataji jina. Kwenye HDMI inawezekana kabisa, maana taarifa ya kuwa monita ipo hupita pini ya 19, ilhali EDID hupita pini za 15 na 16. Kerneli isipopata EDID hutoa orodha ya kawaida tu, isiyozidi 1024x768.

Kabla ya kugusa vifaa nilijaribu kuilazimisha. `cvt 1920 1080` ilinipa mstari wa vipimo, nikaupitisha kwa `xrandr --newmode`, kisha `--addmode`, nikaichagua kwa `--output` na `--mode`, na picha ikajaa skrini nzima. Nilitamani niishie hapo, niiweke kwenye skripti nisahau. Ila dawa hiyo hufanya kazi kwenye X tu, si Wayland (hiyo ni mifumo miwili ya kuonyesha madirisha kwenye Linux), na ingenibidi kuirudia kila ninapoingia. Isitoshe, haielezi kwa nini monita ni bubu.

Nikabadilisha kebo. Baiti 256.

Nikawasha upya bila skripti, bila amri yoyote: 1920x1080 yenyewe. Kebo ya zamani, nilipoitazama vizuri, imepinda karibu na kichwa, pale ilipobanwa kati ya meza na ukuta.

Lililoniuma ni hili: ukurasa wa mipangilio ya fomwea, ule unaofunguka kabla Linux haijagusa chochote, nao leo umenyooka. Tangu Jumatano ulikuwa umevimba vilevile, nami niliupita haraka kila mara nikikimbilia draiva.

Kebo mbovu nimeipiga fundo ili nisiichomeke tena kwa bahati mbaya.