Siku moja maabarani, kuifuata ishara ya EGFR

Kipokezi cha EGFR, protini iliyo kwenye utando wa seli, kikiguswa na EGF, kichocheo cha ukuaji wa seli, huanza kupachikwa fosfeti, alama ya kuwaka kwake, ndani ya sekunde chache. Dakika tano hadi kumi baadaye ujumbe umeshafika kwenye protini ya ERK ndani ya seli, ambayo nayo huwashwa kwa fosfeti. Ikitimia saa moja, sehemu kubwa ya yote hayo imeshazimwa. Ishara ya dakika chache inamla mwanajenetiki siku nzima, tena siku yenyewe inaanza jana yake saa 11:00 jioni, seli zinaponyimwa seramu, majimaji ya damu yanayotiwa kwenye lishe yake. Seramu imejaa vichocheo, na seli iliyoshiba haionyeshi tofauti ukiiongezea kingine.

Saa 1:00 asubuhi

Hadubini kwanza. Sahani ni tatu, kila moja ina visima sita, na seli zote ni HeLa, uzao wa uvimbe wa Henrietta Lacks uliochukuliwa Baltimore mwaka 1951. Seli za sahani ya kwanza zimeharibiwa jeni ya EGFR kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali palipochaguliwa. Za pili ni hizohizo, ila zimerudishiwa EGFR ya kawaida. Za tatu zimerudishiwa EGFR yenye badiliko la L858R: asidi amino ya 858, lusini, imegeuka ajinini. Badiliko hili ni miongoni mwa yale yaliyogunduliwa mwaka 2004 katika saratani za mapafu zilizoitikia gefitinib, dawa inayoizuia EGFR.

Sahani ya pili ndiyo wengi huiruka kwa kubana matumizi, na ni kosa kubwa. Vipokezi vikisongamana kwenye utando wa seli huamshana bila hata EGF. Bila sahani hiyo huwezi kusema kama unachokiona kimeletwa na L858R au na wingi wa vipokezi tu.

Seli ziwe zimefunika kama asilimia 80 ya sakafu ya kisima. Zikibanana sana huitikia EGF kwa unyonge. Zikiwa duara na zinaelea, zinakufa, na siku hiyo imeishia hapo. Baada ya kutazama, sahani inarudi kwenye inkubeta na haiguswi tena mpaka wakati wake, kwa sababu kutikisika na kupoa kunatosha kuiamsha ERK.

Saa 2:00

Kutayarisha. Akiba ya EGF ni mikrogramu 100 kwa mililita, imegawanywa kwenye vichupa vidogo ili kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu. EGF hung'ang'ania plastiki, kwa hiyo huchanganywa kwenye maji yenye albumini ya ng'ombe asilimia 0.1; usipofanya hivyo, sehemu ya dozi inabaki ukutani mwa kichupa na wewe hujui. Maikrolita 40 za akiba kwenye mililita 4 za lishe isiyo na seramu zinatoa mikrogramu 1 kwa mililita. Maikrolita 200 za hiyo, kwenye kisima chenye mililita 1.8, ni nanogramu 100 kwa mililita. Kutia maikrolita 2 za akiba moja kwa moja kisimani ni njia fupi yenye hasara: seli zilizo chini ya tone hupata dozi kali, za pembeni husubiri.

Bafa (myeyusho wenye pH thabiti) ya kuvunjia seli inakaa kwenye barafu. Inaongezewa vizuizi vya vimeng'enya vinavyokata protini, pamoja na sodiamu fluoridi na sodiamu othovanadeti ya kuzuia vile vinavyobandua fosfeti. Othovanadeti ina masharti yake. Irekebishwe hadi pH 10, ichemshwe mpaka rangi ya njano ipotee, kisha pH ipimwe tena. Ikitumiwa ikiwa ya njano haizuii vizuri, na bendi za fosfeti, yaani mistari inayosomwa mwishoni mwa jaribio, zinafifia.

Saa 3:00

Sasa ni saa ya mkononi na karatasi. Visima vya kila sahani ni vya dakika 0, 2, 5, 10, 30 na 60, na vyote sita vinatakiwa kuvunjwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kuhesabu ni kwa kurudi nyuma: kisima cha dakika 60 ndicho kinachotiwa EGF kwanza, cha dakika 30 kinafuata nusu saa baadaye, halafu dakika ya 50, ya 55 na ya 58. Kisima cha 0 nacho kinatiwa maikrolita 200, ila za lishe tupu. Kumiminiwa peke yake kunaistua seli, na mstuko huo lazima uwe sawa kote.

Sahani ya pili inaanza dakika 15 baada ya ya kwanza, ya tatu dakika 37. Ukipishanisha kwa dakika 10, EGF ya kisima cha dakika 10 katika sahani ya pili inaangukia dakika ileile ya kuvunja sahani ya kwanza, na mikono ni miwili tu. Mwenzako akiweza kusimama kando akataja muda, mwombe.

Muda ukitimia, sahani inakaa juu ya barafu, lishe inafyonzwa, seli zinaoshwa mara mbili kwa maji ya chumvi yaliyopozwa, kisha zinatiwa maikrolita 150 za bafa na kukwanguliwa.

Saa 5:00

Baada ya robo saa kwenye barafu, sampuli 18 zinaingia kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 14,000 g, dakika 15, nyuzijoto 4. Kinachochukuliwa ni maji ya juu. Yakiwa na utelezi kama mlenda, DNA haijakatika. Yapitishwe kwenye sindano nyembamba mara kadhaa kisha yazungushwe tena. Protini inapimwa kwa njia ya BCA, nusu saa kwenye nyuzijoto 37, halafu mwanga wa nanomita 562. Kila sampuli inasawazishwa iwe na mikrogramu 20, inatiwa bafa ya kupakilia na kuchemshwa nyuzijoto 95 kwa dakika 5. Chakula cha mchana kinaliwa wakati huu, au hakiliwi kabisa.

Saa 7:00 mchana

Sampuli zinaingia kwenye jeli pana ya njia 26, ambamo umeme huzitenganisha protini kwa ukubwa. Sampuli zote 18 zikae kwenye jeli moja, kwa sababu bendi za jeli mbili hazilinganishiki kwa haki. Njia mbili ni za protini za vipimo, moja ni ya HeLa ambazo hazijaguswa jeni, na zinazobaki zinatiwa bafa tupu ili bendi zisipinde kuelekea pembeni. Volti 80 kwa dakika 20, kisha 120 kwa zaidi ya saa moja.

Jeli ikitembea, ndipo inapofanywa kazi ya jenetiki hasa: kusoma DNA ya makoloni mapya ya CRISPR, kila koloni likiwa uzao wa seli moja. HeLa ina kromosomu nyingi kuliko 46 za kawaida, na nyingi kati yake zina nakala zaidi ya mbili, hivyo kuikata nakala moja ya EGFR hakutoshi. Kwenye grafu ya usomaji, vilele vinaanza kupandana pale pale Cas9, kimeng'enya cha CRISPR, ilipokata, na inabidi kuvitenganisha nakala kwa nakala. Hatari iko kwenye herufi 3, 6 au 9 zilizopotea: fremu ya usomaji, inayokwenda herufi tatu tatu, haivunjiki, protini inatengenezwa ikiwa na pengo dogo tu, na inaweza kuendelea kufanya kazi. Koloni la aina hiyo linatupwa hata kama linakua vizuri. Yanabaki angalau mawili yaliyotoka kwenye RNA elekezi (inayoionyesha Cas9 pa kukata) tofauti, maana Cas9 hukata pia pasipokusudiwa, na si rahisi makosa hayo yafanane.

Inafaa kukumbuka kwamba mwanabiokemia Stanley Cohen hakuwa na jeni yoyote mkononi alipoanza. Aliona vitoto vya panya vilivyodungwa maji ya tezi za mate vikifumbua macho mapema, akalifuata jambo hilo mpaka akaitenga EGF. Mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini.

Saa 9:00 alasiri

Protini zinahamishwa kutoka kwenye jeli kwenda kwenye utando wa plastiki ya PVDF, uliolowanishwa kwanza kwa methanoli. Volti 100, saa moja na nusu, tangi likiwa kwenye barafu. Kiputo kimoja cha hewa kati ya jeli na utando kinaacha doa jeupe, na kwa kawaida linaangukia bendi unayoihitaji. Viringisha bomba la kioo juu ya kila tabaka. Umeme ukikatika katikati, andika dakika zilizopotea na uzifidie. Jeli ikikaa bila mkondo, bendi hutanuka.

Rangi ya Ponceau inaonyesha kama protini zimehama sawasawa. Utando unakatwa penye kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 70: juu ni EGFR, kama 170, chini ni ERK, 42 na 44.

Saa 11:00 jioni

Utando unazibwa kwa albumini ya asilimia 5 kwa saa moja, ili kingamwili, protini za kutambua tunachokitafuta, zisishike ovyo. Si maziwa ya unga, kwa sababu kasini yake yenyewe ina fosfeti na kingamwili za fosfeti huishika, utando mzima ukageuka kijivu. Wakati huohuo seli za kesho zinaoshwa na kuhamishiwa lishe isiyo na seramu, saa 16 kabla ya matumizi.

Saa 12:00 jioni

Kipande cha juu kinapata kingamwili ya EGFR yenye fosfeti kwenye tairosini 1068, sehemu 1 kwa 1,000. Cha chini kinapata ile ya ERK yenye fosfeti kwenye threonini 202 na tairosini 204, sehemu 1 kwa 2,000. Vyote viwili vinalala nyuzijoto 4 vikitikiswa polepole hadi asubuhi.

Kwenye daftari panaandikwa mapema kinachotarajiwa, kabla picha haijaonekana. Sahani ya kwanza: pasiwe na bendi ya EGFR, wala ERK isipande kwa EGF. Ikipanda, kuna nakala iliyopona. Ya pili: kipokezi kiwake kufikia dakika 2 hadi 5, ERK ifike kileleni dakika 5 hadi 10, na kufikia dakika 60 EGFR nzima, yenye fosfeti na isiyo nayo, ipungue, kwa kuwa vipokezi vilivyowaka humezwa ndani na kuvunjwavunjwa. Ya tatu: bendi ya fosfeti iwepo tangu dakika 0. Kiasi cha EGFR nzima katika sahani ya pili na ya tatu kisipolingana, jaribio linarudiwa.