Maharage Tena?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tafakari ya wiki hii nimepangiwa mimi, na niseme mapema kwamba sikuipata kwenye meza ya kusomea. Niliipata jikoni, kanga ya mke wangu nimeifunga kiunoni na moshi wa vitunguu vilivyoungua umenijaa machoni. Fungueni Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 11, mstari wa 4 mpaka wa 20. Someni kwanza, nawasubiri.

Ilianza Jumapili usiku. Mama Neema aliweka mezani wali na maharage. Mimi, mzee wa kanisa, ambaye hata "Amina" ya kushukuru chakula ilikuwa haijapoa mdomoni, nikafunua bakuli nikasema, "Maharage tena?" Kitinda mimba wetu, Baraka, akaona mlango umefunguliwa: "Hata jana, baba. Na juzi." Mama Neema hakujibu. Alimaliza kula, akanawa, akaingia chumbani, akatoka na noti ya elfu kumi na kuiweka mbele yangu.

"Hii ndiyo ya chakula cha usiku, Baba Neema. Nitakuwa nakupa kila asubuhi. Wiki hii utatupangia wewe."

Hakukasirika hata kidogo. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Jumatatu bado nilikuwa na kiburi. Nilijiambia shida ya jiko letu ni akili mpya, na akili mpya ninazo. Nikatoka kazini, foleni ikanishika mpaka saa 1 na nusu usiku, nikashuka Tabata na kusimama kwenye kibanda cha chipsi. Chipsi mayai za watu sita! Elfu kumi haikufika popote, nikaongezea ya nauli. Watoto walipiga makofi. Saa 4 usiku nikamkuta Baraka amefungua friji anatafuta kiporo, na kiporo chenyewe ni maharage yale yale.

Jumanne nikaenda gengeni. Mama wa genge akaniuliza, "Mboga gani, baba?" Nikabaki nimetoa macho. Kumbe kuna matembele, mchicha, mnafu, majani ya maboga, kisamvu kilichokwisha kutwangwa, bamia, nyanya chungu, mlenda. Kila siku napita pale na mkoba wangu wa ofisini, na machoni mwangu vyote hivyo vilikuwa "majani". Nikaona dagaa wa Mwanza, nikanunua, nikarudi nikakaanga. Wenzangu mnaojua mmeshaanza kucheka. Wale dagaa huanikwa ufukweni, wengi wao juu ya mchanga, na mtu asiyewaosha kwa maji ya moto mara mbili tatu anaupika na huo mchanga. Tulikula ugali kimya, na meno ya watu sita yakisaga changarawe. Neema, msichana mwenye adabu zake, alisema tu, "Asante, baba, nimeshiba."

Usiku ule ndipo nilipokaa na Hesabu 11.

Nimehubiri sura hii, wapendwa. Nimewasema Waisraeli kwa kukinai mana, kile chakula walichoshushiwa na Mungu jangwani, kana kwamba niliwahi kuila. Safari hii nikasoma taratibu, kama mtu mwenye mchanga kwenye meno. Kwanza nikaona wanachokililia katika mstari wa 5: samaki, matango, matikiti, mboga, vitunguu, vitunguu saumu. Ukiacha samaki, orodha hiyo nzima utaikuta sokoni Buguruni asubuhi yoyote, na samaki wamejaa Feri, ila huko wanauzwa kwa mnada. Wao wanasema Misri walikula samaki bure. Matofali waliyofyatua chini ya fimbo hayakuwajia akilini.

Kisha mstari wa 8. Nilikuwa nimezoea kusema watu walikula kitu kimoja kwa miaka 40. Ndiyo, kitu kimoja, lakini tazama mikono yao: waliisaga kwa mawe, au wakaitwanga kwenye vinu, wakaitokosa nyunguni, wakaandaa mikate. Na katika Kutoka 16:23 Musa anawaambia waoke watakachooka na watokose watakachotokosa. Mungu alishusha mana kila asubuhi, kila mtu pishi moja, ndivyo Biblia yetu inavyosema. Nilicheka peke yangu. Sisi watu wa Pwani tunajua pishi ni vibaba vinne, na tunajua pia pishi ni jinsi mtu anavyopika. Pishi ya kupimia ilitoka mbinguni. Pishi la jikoni waliachiwa wao.

Ila mstari ulionikamata shati ni wa 10. Musa anawasikia watu wakilia katika jamaa zao, kila mtu mlangoni pa hema yake. Mlangoni! Na aliyekuwa ndani, magoti chini, anasukuma jiwe la kusagia? Sauti yake haimo. Waliolalamika ni wale waliokaa mlangoni wakingoja kuitwa mezani.

Jumatano jioni nikaenda kwa jirani yetu, Bi Mwanaidi. Mnafahamu Ramadhani mbaazi zake za nazi hazikosi kufika kwetu, na Krismasi pilau yetu haikosi kufika kwake, na sahani hairudi tupu. Bakuli lake moja lilikuwa bado kwetu, nikalibeba.

"Baba Neema, leo unanirudishia bakuli na upepo?"

"Shikamoo, Bi Mwanaidi. Nimekuja kuomba akili."

"Marahaba. Za nini?"

Nikamweleza habari ya maharage. Akaniuliza tunayaunga na nini. Nikasema nyanya na kitunguu. "Siku zote?" Siku zote. Akanitazama kama daktari. "Na wewe si Mzaramo?"

Ni kweli, mimi ni wa Maneromango. Mama yangu alipika kwa nazi mpaka mchicha. Na bado nilifundishwa kukuna nazi Tabata, na umri huu. Nilikalishwa kwenye mbuzi kama mwali. Aliitikisa nazi sikioni kwanza kusikia maji, akaipasua kwa mgongo wa kisu, akanipa kifuu kimoja. "Usifike kwenye gamba. Ukiona unga unakuwa na weusi, geuza." Tui la kwanza, lile zito, likawekwa kando. Nazi ikatiwa maji ya vuguvugu tena, ikakamuliwa, likapatikana tui la pili, jepesi, na hilo ndilo lililochemka na maharage yaliyokwisha kuiva, pamoja na kitunguu, karoti na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Mwishoni ndipo linaingia tui zito, na hapo hufuniki sufuria wala huendi kuangalia mpira. Unakoroga, unakoroga, mpaka lichemke polepole, maana ukilikurupusha kwa moto mkali linakatika, unabaki na maji huku na mafuta kule.

Nikarudi nyumbani na mtihani wangu. Baraka akaonja, akauliza, "Hii ni mboga gani?"

"Maharage."

"Siyo."

Kama mambo yangeishia hapo ningewaandikia tafakari fupi juu ya nazi. Lakini watoto walipolala nikamuuliza Mama Neema swali ambalo katika miaka 27 ya ndoa sijawahi kumuuliza: kwa nini maharage? Akanijibu huku anakunja nguo, bila kuinua macho. Kwanza, hesabu. Maharage yakilowekwa usiku kucha, gesi inaokoka. Yakichemshwa mengi siku moja, jioni inabaki kazi ya kuunga tu, na yeye naye anafika nyumbani saa 1. Hilo nililielewa. Kisha akasema, "Na maharage ndiyo yaliyobaki."

Yaliyobaki vipi?

Akaanza kunihesabia. Mlenda ulitoka alipokataa Neema, akiwa darasa la pili. Bamia ilitoka kwa sababu ya Baraka. Kisamvu kilitoka siku niliyosema kinanipa kiungulia. Makande yalitoka mimi nilipouliza kama tuko bweni. Na kiburu, wapendwa, kilitoka mwaka wa kwanza wa ndoa. Mama Neema ni wa Machame. Alikuwa amepanda daladala mpaka Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, akarudi na ndizi kichwani, akazichemsha na maharage akaziponda kama alivyofundishwa na mama yake. Mimi bwana harusi nikatazama sahani nikasema, "Ndizi na maharage chungu kimoja? Hiki ni chakula gani?"

Mimi sikumbuki kabisa. Yeye anakumbuka mpaka rangi ya sahani.

Kumbe jiko letu halikuwahi kukosa akili mpya. Tulikuwa tunazifuta wenyewe, mmoja mmoja, kila mtu akiwa mlangoni pa hema yake, na baada ya kila guno chakula kimoja kikaondoka kisirudi, mpaka tukabaki na kile ambacho hakuna aliyekuwa amekilalamikia. Na Jumapili nikakilalamikia na hicho.

Sasa msomeni Musa katika mstari wa 11 mpaka wa 15 kwa masikio ya mtu anayepika kila siku. Anamuuliza Mungu kwa nini amemtwika mzigo wa watu hawa wote. Anauliza kama yeye ndiye aliyewachukulia mimba. Anauliza atoe wapi nyama ya kuwapa, maana wanamlilia. Mwishoni anaomba afe. Huyu ni nabii! Sisi wahubiri huwa tunaharakisha tufike kwenye kware, wale ndege walioletwa kuwa nyama, kwa sababu kware wana kishindo, wanakuja na upepo, na ile nyama ya mwezi mzima mpaka iwatoke puani inachekesha. Lakini fuateni mpangilio wa maneno. Mungu hakuanza na nyama. Alianza, mstari wa 16, na watu: nikusanyie wazee 70. Nao watauchukua mzigo pamoja nawe, ili usiuchukue peke yako. Kilio kilikuwa cha chakula, na jibu la kwanza likawa mikono mingine. Nyama ilifuata baadaye, tena ikaja na hasira, na mahali pale pakaitwa kwa jina la makaburi ya waliotamani.

Miaka yote hii nimeomba "utupe leo riziki yetu", na riziki imekuja. Mzigo wa kuwaza kila siku saa 10 jioni, katikati ya kazi, "leo wale nini", nilidhani unakuja na mwanamke kama kanga zake. Kuna ndugu wataniambia wao husaidia, hununua nyama kila mwisho wa mwezi. Nami nilikuwa nanunua. Kuleta kilo mbili za nyama na kukaa mlangoni bado ni kukaa mlangoni.

Kwa hiyo hatukufikisha wazee 70, tuko sita tu, na mmoja ni shangazi mgonjwa wa miguu. Yeye anachambua maharage Ijumaa akiwa amekaa, anatoa mawe, na anatoa habari za ukoo wote humo humo. Baraka anayaloweka, na akisahau analala na kesi. Neema ana siku yake, na mara ya kwanza aliirudisha bamia, jambo lililozua vita na mdogo wake mpaka nikalazimika kuwakumbusha kwamba kunung'unika sasa kuna bei: ukikataa chakula, kesho yake unapika wewe. Baraka alikula bamia. Mimi nina Jumatano ya nazi, mbuzi tumenunua yetu, na Jumamosi naenda sokoni. Maharage bado yanapikwa, wakati mwingine siku tatu kwa wiki: ya nazi, na mahindi kwenye makande, ya rojo na chapati. Jumanne iliyopita yalikuja ya nyanya na kitunguu tu, kama zamani, kwa sababu watu wote walikuwa wamechoka. Nikafunua bakuli. Meza nzima ikanitazama mdomo.

Nikasema, "Nipitishieni chumvi."

Tuombe. Bwana, uliyewashushia mana watu wenye vinywa vizito kama vyetu, mkumbuke aliyesimama jioni hii mbele ya sufuria, gesi inakaribia kuisha, na nyumba nzima inamsubiri. Utuinue sisi tuliokaa mlangoni. Amina.

Tangazo dogo: jumuiya Jumamosi hii iko kwetu, saa 12 asubuhi kama kawaida. Baada ya sala kutakuwa na kiburu. Mama Neema ndiye atakayesimamia, mimi namenya ndizi. Mwenye sufuria kubwa aniazime, nitaifuata mwenyewe Ijumaa jioni.