Ganzi na miguu kuwaka moto kwa waliotumia ARV miaka mingi

Baridi ya Juni ikishaingia Makete, Mufindi na Uporoto, kila anayelalamikia miguu huambiwa avae soksi. Kwa mtu anayeishi na VVU na aliyetumia ARV miaka kumi au zaidi, jibu hilo halitoshi.

Ganzi ya mishipa ya fahamu ina sura yake. Huanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, kisha hupanda polepole kwenye nyayo hadi vifundo. Wapo wanaohisi sindano, wapo wanaohisi moto, na wengine husema wadudu wanatambaa chini ya ngozi. Usiku huzidi, hata shuka likigusa linauma. Lakini mguu mmoja ukilegea ghafla, au mkojo ukagoma kutoka, usisubiri tarehe ya kliniki: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatupendi kusikia mgonjwa akiambiwa "ni dawa tu, utazoea", kwa sababu vyanzo ni vingi na baadhi vinatibika. Walioanza dawa miaka ya mwanzo ya mpango wa taifa, kuanzia 2004, wengi walipewa stavudini. Hiyo iliumiza mishipa, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe hatua kwa hatua. Mishipa iliyoumia wakati ule huenda isirudi yote. VVU vyenyewe navyo huiumiza, hasa kama CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zilishuka sana kabla ya matibabu. Mchanganyiko wa sasa wa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri si kawaida kuleta ganzi, kwa hiyo ganzi mpya kwa anayeutumia itafutiwe chanzo kingine.

Ulizia kwanza isoniazidi, dawa ya kukinga kifua kikuu inayomezwa miezi 6. Hupunguza vitamini B6 mwilini, ndiyo maana huambatana na kidonge cha piridoksini, ambayo ndiyo B6 yenyewe, cha miligramu 25. Ukipewa isoniazidi bila hicho, uliza. Usijiongezee dozi kubwa ukidhani unaharakisha nafuu, maana B6 ikizidi sana nayo huleta ganzi.

Halafu sukari. Ikipimwa kabla ya kula chochote ikawa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, hiyo ni kisukari. Ukiandikiwa metformini, dawa ya kisukari, mwambie daktari kwamba unatumia dolutegraviri, kwa sababu dolutegraviri huipandisha metformini kwenye damu na kwa kawaida metformini hiyo haitakiwi kuzidi miligramu 1,000 kwa siku. Metformini ya muda mrefu hupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi. Pombe ya kila siku, iwe ulanzi au kimpumu, huumiza mishipa vilevile. Hili usimfiche mhudumu.

Duka la dawa lina mitego miwili. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, haisaidii sana maumivu ya mishipa, na ikitumika pamoja na tenofoviri inaweza kuumiza figo. Vidonge vya vitamini vyenye chuma, kalsiamu au zinki huizuia dolutegraviri isifyonzwe vizuri: meza ARV muda wa saa 2 kabla ya vidonge hivyo, au muda wa saa 6 baada ya kuvimeza. ARV zenyewe usiziache hata siku moja kwa sababu ya miguu.

Kinachotutia hofu zaidi ni jiko la mkaa. Mguu wenye ganzi haujui kwamba unaungua. Mtu hunyoosha nyayo kwenye makaa, akaja kuona malengelenge asubuhi. Vaa soksi kavu za sufu, usiote moto kwa miguu. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Kabla ya kuvaa mabuti ya shambani, yapindue uyakung'ute: kokoto moja huchimba kidonda kutwa nzima bila wewe kusikia. Kila jioni angalia nyayo na katikati ya vidole, ukitumia kioo au macho ya mwenzako. Paka mafuta kwenye visigino vilivyopasuka, ila si katikati ya vidole, kwani unyevu hualika fangasi.

Kliniki waeleze ilianza lini, imefika wapi, na dawa zote unazomeza, za mitishamba zikiwemo. Maumivu yakikunyima usingizi, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini, ambayo mara nyingi huanza na miligramu 10 hadi 25 usiku. Hukausha mdomo na kuleta usingizi mzito, na nafuu huchukua wiki kadhaa. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme kabla hajaandikiwa.