Pole na kazi sokoni Izmir

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Neno la wiki hii ni Ruthu 2:4. Boazi anafika shambani kutoka Bethlehemu, anawaambia wavunaji, "BWANA akae nanyi," nao wanamwitikia, "BWANA akubariki."

Mstari huu nilizoea kuupita mbio ili niwahi pale Boazi anapomwona Ruthu. Nimekuja kuusoma vizuri hapa Izmir, Uturuki, ile Smirna ya kitabu cha Ufunuo.

Miezi ya kwanza nilinunua kila kitu supamaketi, kwa sababu kule huhitaji kusema neno. Unachukua, unalipa, unaondoka. Siku nyingine jua lilizama sijaisikia hata sauti yangu mwenyewe. Kisha jirani akanipeleka pazar, soko la mtaa linalopangwa barabarani mara moja kwa wiki (Jumapili nayo kwa Kituruki huitwa pazar). Maturubai yamefungwa juu, wauzaji wananadi, nami siambulii kitu. Mpaka mama mmoja akanyoosha kidole kwenye fungu lake na kusema, "Bamya."

Bamia! Nilisimama pale machozi yakinilengalenga. Zilikuwa ndogo, hazifiki kidole gumba. Akachukua kisu akanionyesha wanavyozichonga kichwani kama pia ya kuchezea, bila kutoboa ndani, zisitoe ute, halafu akanionyesha limau: lazima litiwe.

Basi yule mama akawa mwalimu wangu. Namwita teyze, yaani dada wa mama. Kijana wa meza ya pili ananiita abla, dada mkubwa. Nikaanza kuokota maneno yaliyo ndugu na yetu: sabun, kitap, saat, dakika, hesap. Hata yale maneno marefu hayakunitisha sana. Gelmeyeceğim ni "sitakuja". Sisi tunabandika mbele, wao wanabandika nyuma.

Lakini neno lililonigusa ni kolay gelsin. Ukimpita mtu yuko kazini, awe mfagiaji, fundi au muuza vitunguu, unamwambia hivyo: kazi na ikujie kwa wepesi. Ni pole na kazi yetu kabisa! Na muuzaji akipokea pesa anasema bereket versin, akiomba pesa ile itiwe baraka.

Sasa rudini kwa Ruthu. Yeye ni Mmoabi, mgeni, anaokota masazo. Boazi hajauliza bado, "Msichana huyu ni wa nani?" Kabla ya swali hilo, jina la Mungu limeshatajwa katikati ya miganda, kati ya tajiri na vibarua wake. Zaburi 129 inatuonyesha kinyume chake: wachukiao Sayuni wanakuwa kama majani ya darini yasiyomjaza mvunaji mkono, na wapitao hawawaambii, "Mbaraka wa BWANA na uwe juu yenu." Kunyimwa salamu ya kazi kumehesabiwa humo ndani ya laana.

Hili limenichoma. Nilikuwa nauombea mji huu kila asubuhi mlango umefungwa, kisha natoka na kuwapita watu wake kimya, eti lugha sijui. Ndugu zangu mlio ugenini, tunajificha sana. Tunakutana sisi kwa sisi, tunapika ugali, tunaimba tenzi, na ni vizuri. Ila aliyetuuzia ule unga tumemwambia nini?

Wiki iliyopita nilimkuta teyze ameinama anachambua bamia, vidole vimemvimba kwa baridi ya asubuhi. Nikamtangulia: "Kolay gelsin, teyze." Akainua uso. "Sağ ol, kızım." Asante, binti yangu. Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo. Akanipimia nusu kilo, akaongeza konzi moja juu, akapokea pesa. "Bereket versin."

Jibu lake nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima: "Bereketini gör." Uione baraka yake.