Windows 7 imekubali masasisho: kilichokuwa nyuma ya kosa 80072EFE

Imekubali. Ngao ya kijani iko kwenye skrini, Windows 7 ya biti 32 imejisasisha hadi viraka vya Januari 2020, na Firefox inafungua kurasa bila kulalamika. Naandika sasa hivi kabla sijasahau mpangilio, maana kilichonitesa hapa ni mpangilio kuliko mafaili yenyewe.

Mashine ni Dell OptiPlex 780 ya mtumba, Core 2 Duo, RAM GB 2. Wanaotaka kuniambia niweke Linux: ninayo, kwenye laptop. Hii ya mezani ndiyo inayoendesha mashine ya kukata stika za bajaji, na programu yake haifunguki bila kifunguo kinachochomekwa kwenye tundu la LPT, lile pana la printa za zamani. Draiva ya kifunguo hicho inaishia Windows 7 ya biti 32, na michoro yote ya miaka iliyopita iko kwenye mafaili ambayo hakuna programu nyingine inayoyasoma. Fundi jirani kila akipita lazima aseme, "Kaka, piga Windows 10 upumzike." Windows 10 yenyewe ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, sasa sijui ningepumzika hadi lini.

Diski ya zamani ilikufa, nikaweka SSD na kupiga Windows upya kutoka kwenye DVD yenye SP1 (mkusanyiko wa kwanza wa masasisho) ndani. Betri ya CMOS, ile inayotunza saa kompyuta ikizimwa, nimebadilisha mapema. Ikiwa imekwisha, saa inarudi 2009 na kila cheti cha tovuti (kitambulisho chake cha usalama) kinaonekana hakijaanza kutumika, utahangaika na kivinjari usiku kucha kumbe dawa ni betri ya CR2032 ya bei ya soda.

Sasa tatizo lenyewe. Ukibonyeza kutafuta masasisho, mfumo unafikiri kidogo kisha unarusha 80072EFE. Mtandao upo, ping inajibu, saa ni sahihi. Bonyeza tena, 80072EFE.

Tafuta namba hiyo mtandaoni uone. Unazama kwenye ushauri wa enzi za virusi vya familia ya TDSS, vilivyokuwa vinajichimbia ndani ya mfumo na kukata mawasiliano ya Windows Update, kwa hiyo kila jibu linakuagiza uendeshe TDSSKiller, programu ya kuvisaka. Mfumo wangu ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kwenye DVD, haujafungua tovuti hata moja. Kirusi kingepitia wapi? Nikaendesha hata hivyo, maana mtu akishachoka hufanya chochote. Safi. Nikafuta folda ya SoftwareDistribution ambamo Windows huweka masasisho inayoyateremsha, nikazima firewoli, nikairudisha winsock (mipangilio ya mtandao ya Windows) mwanzo kwa amri ya netsh. Hakuna kilichobadilika. Kuna watu wanaandika "nimefanya hivi ikakubali" bila kusema mfumo wao ulikuwa katika hali gani, na wengine wanawaiga, na miaka kumi baadaye sisi ndio tunafuta mafolda bure.

Namba yenyewe ina habari ukiichambua. Chukua tarakimu nne za mwisho, 2EFE, zigeuze kutoka heksadesimali kwenda desimali, unapata 12030. Katika orodha ya makosa ya WinINet, sehemu ya Windows inayoshughulikia mawasiliano ya intaneti, 12030 maana yake muunganisho na seva umekatika isivyo kawaida. Kama jina la seva lisingepatikana ningeona 12007. Kama seva isingefikika kabisa, 12029. Muda ukiisha bila jibu, 12002. Kwangu mimi seva ilifikika, mazungumzo yakaanza, kisha upande wa pili ukakata. Kwa hiyo firewoli na winsock vingeweza kuondolewa kwenye orodha ya washukiwa tangu mwanzo.

Mshukiwa aliyefuata alikuwa SHA-2, hesabu inayotumika kwenye sahihi za kidijitali zinazothibitisha kuwa kiraka kimetoka Microsoft, iliyochukua nafasi ya SHA-1. Mwaka 2019 masasisho ya Windows 7 yaliacha kutiwa sahihi ya SHA-1 yakabaki na SHA-2 peke yake, na Windows 7 ya kwenye DVD haiwezi kuithibitisha sahihi hiyo mpaka iwekewe viraka viwili (KB ni namba ambazo Microsoft huvipa viraka vyake): KB4490628 ya Machi 2019 na KB4474419. Usipoviweka, kiraka kipya ukikilazimisha kwa mkono kinagoma na 80092004. Haya wenzangu mnayajua. Nikaviteremsha kwa simu kutoka tovuti ya Microsoft Update Catalog, ambayo kwenye simu ina tabia ya kufungua kidirisha kidogo ambacho kivinjari hukizuia usipokiruhusu, nikavihamisha kwa flashi na kebo ya OTG, ile ya kuunganisha flashi na simu. Nikaweka cha kwanza, nikaweka cha pili, nikazima na kuwasha. Tafuta masasisho.

80072EFE.

Hapo nilifunga mfuniko wa kesi na kwenda kula. Miongozo mingi niliyoisoma inaishia palepale kwenye SHA-2, kama vile baada ya hapo kila kitu kinakwenda chenyewe.

Kilichonitoa ni kuacha kusoma miongozo na kufungua C:\Windows\WindowsUpdate.log. Ni faili refu na baya, ila soma kutoka chini kwenda juu. Mistari ya "Send failed with hr = 80072efe" ilikuwepo kama nilivyotarajia, lakini kila mara ilitanguliwa na mstari unaosema ajenti (programu ya Windows Update inayotafuta masasisho) anaangalia kama yeye mwenyewe ana toleo jipya. Juu yake, toleo la ajenti: 7.5.7601.17514. Hilo ndilo lililokuja na SP1 mwaka 2011. Yaani mfumo haujafika hata kwenye kutafuta viraka! Ajenti wa Windows Update kabla ya kazi yoyote anataka kujisasisha yeye kwanza, na anapokwenda kuuliza ni kwenye zile seva za njia ya SHA-1, ambazo zilifungwa mwaka 2020. Anabisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kuhamwa. Wewe unaweza kuujaza mfumo SHA-2 hadi usiku wa manane. Ajenti ni yuleyule wa 2011 na anwani anayoijua ni ileile.

Dawa ni kumpa ajenti mpya kwa mkono: KB3138612 ya Machi 2016. Kifaili kidogo tu, kinateremka hata kwa bando la mwisho wa siku.

Lakini kukiweka nako kuna vituko. Faili la .msu, ndiyo aina ya faili la viraka hivi, ukilibofya linasema linatafuta masasisho kwenye kompyuta hii, na hapo linaganda. Sababu ni kwamba kisakinishi cha .msu kinatumia huduma ileile ya Windows Update, ambayo wakati huo iko bize na mambo yake. Weka mpangilio wa masasisho kwenye kutotafuta kamwe, chomoa waya wa mtandao, fungua cmd kama msimamizi, andika net stop wuauserv, kisha bofya .msu hapohapo. Kiraka kinaingia muda mfupi tu. Fanya hivyo kwa kila .msu, usione uvivu.

Nikachomeka waya, nikatafuta masasisho. Haikurusha kosa. Nikasimama kabisa.

Furaha haikudumu, kwa sababu likaja lile tatizo la kale la Windows 7: svchost, mchakato unaobeba huduma za Windows, inashika prosesa hadi mwisho, inameza RAM, na mstari wa kijani unatembea tu bila kufika popote. Kwenye GB 2 mashine haishikiki, hata kipanya kinachelewa. Hili lilitatuliwa na KB3172605 ya Julai 2016. Miongozo ya zamani inasema lazima itanguliwe na KB3020369, lakini kama umeshaweka KB4490628, ambayo ni kiraka kipya zaidi cha aina hiyohiyo, huihitaji tena. KB3172605 nayo imebeba ajenti mpya ndani yake, kwa hiyo huenda mtu angeweza kuiruka KB3138612 kabisa. Ajaribu mwenye nguvu. Mimi mpangilio uliokubali siugusi: KB4490628, KB4474419, washa upya, KB3138612, KB3172605, washa upya, ndipo uchomeke mtandao. Baada ya hapo orodha ya viraka ilikuja nikiwa bado nakoroga chai.

Najua mtasema Legacy Update, mradi wa kurudisha masasisho kwenye Windows za zamani, ingenimalizia yote haya kwa kubofya mara chache. Ni kweli, na kwa XP au Vista simshauri mtu apite njia nyingine. Wale jamaa wamefanya kazi ambayo hakuna aliyewalipa. Lakini mimi nilitaka kujua ni nani anayekata simu, na sasa najua.

Upande wa vivinjari nitakuwa mfupi kwa sababu nina msimamo. Internet Explorer 8 iliyokuja na mfumo haina kazi, TLS 1.2 (njia ya kusimba mawasiliano na tovuti) imo lakini haijawekewa tiki kwenye mipangilio, TLS 1.3 haimo kabisa. Chrome iliiaga Windows 7 kwa toleo la 109, Januari 2023, na bado naona watu wanalitumia kana kwamba ni jipya. Firefox 115 ESR (toleo la kutunzwa muda mrefu) ya Julai 2023 ndiyo ninayoitumia, kwanza kwa sababu Mozilla waliendelea kuitolea viraka vya usalama kwa ajili ya mifumo hii muda mrefu baada ya matoleo mengine ya wakati wake kuachwa, pili kwa sababu Firefox inabeba yenyewe vyeti vyake vya mizizi (vinavyothibitisha vyeti vya tovuti) na haiombi ruhusa kwa Windows. Hilo la pili ndilo lililowaokoa wengi tarehe 30 Septemba 2021, cheti cha DST Root CA X3 kilipokwisha muda na tovuti zenye vyeti vya Let's Encrypt (shirika linalotoa vyeti bure) zikaanza kugoma kwenye mifumo ya zamani. Ila usiteremshe 115 ya mwanzo kutoka kwenye flashi ya rafiki. Chini ya 115.13 kuna cheti cha ndani kilichokwisha tarehe 14 Machi 2025, na viongezi vinazimika, uBlock Origin ya kuzuia matangazo ikiwemo. Kwenye mashine ya GB 2, kuvinjari bila uBlock ni adhabu.

Supermium nimeijaribu. Ni kivinjari kinachotokana na Chromium, msingi wa Chrome, inakubali hadi XP, na kuna tovuti zinazofunguka humo ambazo Firefox 115 inazishindwa. Kwa RAM hii ni nzito, nimeiacha kwenye folda kwa ajili ya dharura. Benki na barua pepe siingii kupitia mashine hii kwa kivinjari chochote, na akaunti ya kila siku haina haki za msimamizi. Kazi yake ni kuteremsha logo na fonti, basi.

Hatua zilizokuwa zinafuata: .NET 4.8 (inayohitajiwa na programu nyingi), Internet Explorer 11 kwa ajili ya programu zinazoitegemea kimyakimya, kisha nakala ya diski nzima kwa Clonezilla nisirudie haya maisha. Hakuna hata moja iliyofanyika, kwa sababu nilipokuwa nasoma habari za TLS nilikutana na WRP.

WRP ni programu ndogo inayokaa kwenye kompyuta ya kisasa, inafungua tovuti kwa Chromium isiyo na dirisha, inapiga picha ya ukurasa na kuituma kwa kompyuta ya zamani kama GIF. Ukibofya mahali kwenye picha, kivinjari cha zamani kinatuma namba za mahali hapo, WRP inabofya kwa niaba yako, picha mpya inakuja. Kompyuta ya zamani haihitaji TLS, vyeti, wala JavaScript. Inahitaji kuonyesha GIF tu, kazi iliyokuwa inawezekana tangu 1995. Nilipoelewa hivyo nikakumbuka nina laptop ya Toshiba ya Pentium II iliyolala juu ya kabati, Windows 98 SE ndani.

WRP nikaiweka kwenye laptop ya Linux. Kazi ngumu ilikuwa kuifanya Toshiba ipate mtandao: kadi ya mtandao ya PCMCIA ya waya (ya kuchomeka ubavuni mwa laptop), draiva kwenye CD iliyochomwa, kwa sababu Windows 98 haiwezi kusoma flashi yoyote mpaka uiwekee draiva yake, na draiva hiyo iko kwenye flashi. Nikaandika anwani ya laptop ya Linux na namba ya mlango 8080 kwenye Internet Explorer 5. Kikatokea kisanduku cha anwani juu ya ukurasa mweupe. Nikaandika anwani ya BBC Swahili na kusubiri.

Ikaja! Habari za leo, kwenye Windows 98, herufi zimechakaa kidogo kwa sababu GIF ina rangi 256 tu, lakini zinasomeka. Nimeshusha rangi hadi 16 ili picha zije haraka. Kwa maandishi inatosha, nyuso za watu zinatisha. Kushuka chini ya ukurasa ndiyo kero, maana ukitaja urefu mkubwa WRP inatengeneza picha kubwa na Toshiba inapumua kwa shida. Kwa sasa nimetulia kwenye urefu wa skrini moja na ninatumia vitufe vya juu kushuka.

Kinachofuata ni WebOne, ambayo haipigi picha bali inapitisha kurasa zenyewe baada ya kuvua TLS, nione kama kurasa nyepesi zitakuja zikiwa maandishi halisi. Kadi ya PCMCIA nayo ikipata joto inakata mtandao, nimemwagiza mtu anitafutie nyingine Kariakoo. Nakala ya Clonezilla ya OptiPlex bado.