Nyangire: kumkataa jirani

Mwezi uliopita nilikuwa Hoima kwa shughuli za ukoo, na mzee mmoja, aliposikia kwamba ninaandika juu ya harakati za ukombozi, aliniuliza kwa nini sisi wa Kampala huanzia kila mara kwenye vyama vya siasa vya miaka ya 1950. Kwao, alisema, mambo yalianza mwaka 1907 kwa neno moja la Kinyoro: Nyangire, yaani nimekataa.

Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro alipokamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Ushelisheli, Waingereza walileta machifu kutoka Buganda, ufalme jirani, wawatawale Wanyoro, na Kiganda kikawa lugha ya ofisi na ya kanisa. Mwaka 1907 machifu wa Kinyoro waliwafukuza wageni hao bila kushika mkuki, na walipoamriwa kuwapokea tena, walikataa. Zaidi ya 50 wakakamatwa, na baadhi wakahamishwa kutoka nchi yao. Kwa maoni yangu, hasira yao ya kwanza haikumwelekea mfalme wa Uingereza, ambaye hawakuwahi kumwona, bali mtu aliyeketi barazani kwao akiwahukumu kwa lugha isiyo yao. Sisi tunaoandika Kiswahili nchini Uganda, ambako wengi bado wanakisikia kama lugha ya askari, hatuna haki ya kulipuuza jambo hilo.

Milimani Rwenzori ilikuwa vivyo hivyo. Wakonzo na Waamba, waliowekwa chini ya ufalme wa Toro, walidai wilaya yao wenyewe. Waliponyimwa, tarehe 30 Juni 1962 wakatangaza ufalme wa Rwenzururu, miezi mitatu na ushei kabla bendera ya Uganda haijapandishwa. Shuleni nilifundishwa kuwaita waasi, nami nikaandika hivyo kwenye mtihani. Serikali iliutambua ufalme huo mwaka 2009.

Kwa Watwa, wenyeji wa misitu ya kusini-magharibi mwa Uganda, jirani huyo ni sisi. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilifanywa hifadhi za taifa, nao wakatolewa katika ardhi ya mababu zao bila fidia ya kutosha, jambo ambalo Mahakama ya Katiba ilikuja kulikubali Agosti 2021. Watalii wanaendelea kulipa ili kuwaona sokwe wa milimani, huku Watwa wengi wakiwa vibarua katika mashamba ya watu pembezoni mwa msitu uleule.